Nyumba ya Germana Ndani ya Kompyuta

Paskali Ndahani alichora nyumba za watu kwa miaka ishirini na moja, na yeye mwenyewe hakuwahi kulala hata siku moja ndani ya nyumba aliyoichora. Ukitembea Dodoma, kuanzia Area C mpaka kule juu Mlimwa, pita taratibu utazame mabaraza. Zile nyumba zenye baraza lililokata kona, na nguzo mbili fupi kama watu wawili wanaosubiri kitu, nyingi ni mkono wake. Wenye nyumba hawamjui. Mtu akijenga humkumbuka fundi mwashi, kwa sababu waligombana naye. Mchora ramani nani atamkumbuka?

Ofisi iliyomwajiri ilimpa meza ya kuchorea, ile inayolala kwa mteremko, na kalamu za wino, na wembe wa kukwangulia makosa, na kiti kisicho na egemeo. Chini ya kila ramani, kona ya kulia, kulikuwa na kisanduku cha kuandika mwenye nyumba ni nani, kiwanja ni namba ngapi, mchoraji nani. Hapo kwenye mchoraji Paskali aliandika jina lake kwa herufi ndogo kama punje za uwele. Alikuwa mtu mpole, msema kidogo, lakini alikuwa na jambo moja ambalo hata mkuu wake hakuweza kumwachisha: ramani ambayo haijaisha haionyeshwi mtu. Mteja akija kuchungulia, Paskali alivuta karatasi nyeupe akaifunika kazi yake. "Bado haina madirisha, mzee," alikuwa akisema. "Utaiona ikiwa na madirisha." Na mteja alirudi kwake.

Mkewe alikuwa Germana, mtu wa upande wa Bahi, aliyekulia kwenye tembe la baba yake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, kabla ya watu kuhamishiwa vijijini. Kama Paskali alivyokuwa na kalamu, Germana alikuwa na kulabu ya kufumia. Katika vyumba vyao viwili vya kupanga pale Chang'ombe ya Dodoma, kila kitu kilivaa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, chupa ya chai ilikuwa na chake, mtungi, migongo ya viti, hata jiko la mafuta ya taa likishapoa lilivishwa. Ni desturi ya nyumba nyingi hiyo, na kwa Dodoma ina sababu: ikifika Julai upepo unaanza, vumbi jekundu linaingia hata pale usipoona pa kuingilia. Lakini Germana alizidi. Majirani walimtania kwamba iko siku atamfunika na mzee. Yeye akawajibu kwamba mzee anamfunika kila siku, ndiyo maana hana mafua.

Walikuwa na kiwanja Msalato, nje ya mji. Walikipata zamani, wakati Msalato ni vichaka na punda tu, na Paskali aliichora nyumba ya kiwanja kile mara nyingi kuliko nyumba yoyote. Kila miaka miwili mitatu aliichora upya, akaileta nyumbani imekunjwa, akaitandaza sakafuni na kuweka vikombe kwenye pembe zake nne isijikunje. Germana alipiga magoti akaitazama muda mrefu, kwa heshima, kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

"Mimi naona mistari tu, Baba Evo," alisema. "Nyumba iko wapi?"

Paskali alimwelekeza kwa kidole. Huu mstari mnene ni ukuta. Hiki kipande cha duara ni mlango, unafungukia huku. Germana aliitikia haya, haya, kisha akaenda kutazama maharage. Hakuwa akimdharau. Hakuiona tu.

Basi mwaka wa kupunguza watu kazini ukafika, na Paskali akapunguzwa. Kiinua mgongo kilimsomesha binti yao wa pekee, Evodia, ualimu, naye akapangiwa shule kule Kongwa. Kiwanja kikabaki na vichaka vyake. Mzee aliendelea kuchora nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, mpaka wateja wakaanza kuuliza kama anachora kwa kompyuta. Tangu biashara zifunguliwe, kompyuta kuukuu za Ulaya zilikuwa zinamwagwa mjini kama mitumba ya nguo. Ya kwake hakuipata huko. Aliipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, kasha la rangi ya maziwa yaliyolala na kioo chenye kisogo kikubwa. Germana aliifumia nguo jioni ileile.

Aliyemfundisha kuitumia ni fundi Zaidi, Mrangi wa Kondoa, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta Barabara ya Nane. Walielewana. Zaidi alimheshimu mzee kwa ule mkono wake, na mzee alimpenda Zaidi kwa sababu hakuwa na haraka naye. Mzee alijifunza polepole, kidole kimoja kimoja, lakini mistari yake ndani ya kompyuta ikatoka safi kama ile ya wino.

Mwaka 2003 Germana akaanza kutokwa damu, na yeye alikuwa ameshapita umri wa mambo hayo. Akaficha, kama wanawake wengi wanavyoficha, mpaka maumivu yakamsemea. Paskali akampeleka Dar es Salaam. Huko ndiko aliposema mwenyewe, akiwa kwenye benchi la hospitali na kulabu yake mkononi, kwamba kiwanja kiuzwe. Paskali alitaka kubishana. Germana akamwambia kwamba kiwanja hakina damu, yeye anayo na inaisha. Kikauzwa. Mwezi wa saba walirudi Dodoma, na daktari alikuwa amemvuta mzee pembeni akamweleza lililobaki ni dawa za kutuliza tu. Germana hakuuliza walichozungumza. Alikuwa ameanza kufuma kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye matamvua marefu yanayoning'inia pande zote, na aliendelea nacho ndani ya basi mpaka Morogoro usingizi ulipomchukua.

Sasa siku moja Paskali alipita kwa Zaidi kuchukua kitu kingine kabisa, akakuta juu ya meza kompyuta ya mteja wa Mpwapwa. Zaidi alikuwa anaijaribu kabla ya kuirudisha. Kwenye kioo palikuwa na nyumba. Si mistari: nyumba, yenye paa na kivuli chake. Zaidi akabonyeza, nyumba ikaanza kuzunguka, ikaonyesha ubavu, ikaonyesha mgongo. Akabonyeza tena, wakaingia mlangoni kama watu walioalikwa.

Mzee alikuwa amekaa. Akasimama. Akauliza kama ya kwake inaweza kufanya vile.

"Mzee Ndahani, ile yako ikijaribu hivi itaomba likizo," Zaidi alisema akicheka. Halafu akauona uso wa mzee, akaacha kucheka.

Akamweleza bila maneno makubwa. Kompyuta ya mzee inajua kuchora, ila kadi ya picha iliyomo ndani, ile inayopeleka picha kwenye kioo, ni ya kuandikia barua. Ikipewa nyumba nzima izungushe, itachora ukuta mmoja na kuganda. Dawa ni kuitoa na kuweka nyingine yenye nguvu, yenye feni yake ndogo ya kuipoza. Tatizo, kadi za kisasa zina meno mengine, haziingii kwenye kasha la kizamani namna ile. Itabidi itafutwe ya aina ya zamani, na hizo watu wameshaacha kuzileta. Mzee alisema itafutwe. Hakusema ni ya nini, lakini Zaidi alikuwa anajua kiwanja kimeuzwa, na alikuwa anajua mama yuko kitandani, akamalizia mwenyewe. Akapiga simu Dar kwa watu wake.

Kadi ilikuja baada ya siku tisa. Zaidi aliileta mwenyewe Chang'ombe siku ya Jumatano asubuhi. Akalifungua kasha, ndani vumbi lilikuwa limeshika kama limesilibwa. Akalipiga brashi. Akaichomoa kadi ya zamani, kitu kidogo cha kukaa kwenye kiganja, akaiweka mpya mahali pake, akaisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka ikalia. Ilikuwa ndefu, feni yake imetokeza, na ubavu wa kasha ukakataa kufungika. Zaidi akaamua ubavu ukae wazi, kadi ipate hewa. Akamwambia mzee asiizimezime, maana kompyuta ya umri ule inachoka kuwaka kama inavyochoka kufanya kazi.

"Na vumbi?" Germana aliuliza kutoka chumba cha pili. Mlangoni kulikuwa na pazia tu, alikuwa anasikia yote.

"Vumbi tutalipiga brashi, mama," Zaidi akajibu.

Alipoondoka, Paskali akaifungua nyumba ya Msalato. Siku zote tisa alikuwa akiiandaa, akiipandisha kuta moja moja kwa vipimo. Akabonyeza alivyofundishwa. Nyumba ikatetemeka kidogo, kisha ikazunguka. Baraza lililokata kona lilipita mbele yake, na zile nguzo mbili, na ukuta wa chumba cha kulala, na ua, na baraza tena. Aliitazama ikizunguka mara nne. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na hakuwahi kuiona kwa nyuma.

"Imekubali?" Germana aliuliza.

"Imekubali."

"Nije nione?"

Mzee alitazama kioo. Kuta zilikuwa tupu. Paa lilikuwa la kijivu, halijawekwa rangi. Hapakuwa na dirisha hata moja.

"Bado haina madirisha, Mama Evo," alisema. "Jumapili Evo anakuja kutoka Kongwa. Mtaiona wote ikiwa tayari."

Kutoka upande wa pili wa pazia akasikia haya, kama ile haya ya zamani ya sakafuni.

Alhamisi na Ijumaa alitia rangi, akafanya madirisha. Aliyafanya vizuri, kila moja na nondo zake. Jumamosi asubuhi dawa za kutuliza zikawa zimeisha, ikabidi aende hospitali kuzifuata. Aliiacha kompyuta inawaka, kama fundi alivyomwelekeza. Upepo ulikuwa umeamka vibaya siku ile. Mabati ya jirani yalikuwa yanapiga makofi, na njiani ilibidi atembee akiwa amegeuza uso.

Aliporudi, tangu mlangoni alikutana na harufu, kama ya mpini wa sufuria ulioshika moto. Kioo kilikuwa cheusi. Na kasha lote lilikuwa limevishwa kile kitambaa kipya, cheupe, kikubwa, kimekunjwa vizuri pembeni, na upande ule wa ubavu ulio wazi matamvua yamechomekwa ndani ili upepo usikiinue.

Kutoka kitandani mpaka pale mezani ni hatua kama kumi. Germana alikuwa hajatembea peke yake tangu wiki iliyotangulia. Ukutani, kwenye chokaa, mzee aliona alama za kiganja chake, moja hapa, nyingine pale, za kwenda na za kurudi.

Alichungulia nyuma ya pazia. Germana alikuwa amelala. Mzee akakitoa kitambaa taratibu. Upande mmoja matamvua yalikuwa yamenasa ndani, akavuta, yakakatika. Akakikunja akakirudisha kwenye sanduku. Akaenda kumwita Zaidi.

Zaidi aliichomoa kadi akaipeleka dirishani. Ile feni ndogo ilikuwa imejaa uzi mweupe, umejizungusha mzunguko kwa mzunguko kama uzi wa kwenye kibiringo cha cherehani, na chini yake kadi ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia. Feni ilisimama, kadi ikajipika. Zaidi akaanza kusema, "Mzee, huu uzi," na mzee akaweka kiganja chake juu ya mkono wa fundi. Hakubonyeza. Alikiweka tu. Mzee akaufungua uzi wote, akautia mfuko wa shati.

"Fundi, imekuwaje?" Germana aliuliza. Alikuwa ameamka.

Zaidi alimtazama mzee.

"Umeme, mama," akasema. "Ulipanda ghafla."

"Poleni," Germana akasema.

Zaidi akairudisha kadi ya zamani, na kioo kikawaka, na nyumba ya Msalato ikarudi kuwa mistari. Kadi nyingine ingechukua wiki mbili, labda tatu. Fundi akaiagiza hata hivyo. Zaidi hakuwa hata na kompyuta ya kuazima. Ile ya Mpwapwa ilishakwenda kwa mwenyewe, na ya kwake fundi, mzee aliijua, ilikuwa kuukuu kuliko ya mzee.

Evodia alikuja Jumapili, akamkuta mama yake amekuwa mwepesi kama nguo. Aliomba ruhusa shuleni, hakurudi Kongwa. Siku ya Jumatatu, akitafuta shuka kwenye sanduku, alikitoa kile kitambaa kikubwa akakitandika kitandani miguuni pa mama yake, kwa kuwa kilikuwa kizuri na yeye hakujua lolote. Germana akakaa anakitazama.

Jumanne mchana Evodia alikwenda kuchota maji. Mzee akavuta kigoda akakaa karibu na kitanda, akaanza kumsimulia nyumba, kwa kuwa hakubaki na kitu kingine cha kumwonyeshea. Alianzia barabarani. Alimwambia sasa wanatokea barabara ya Msalato, wanashika kulia, geti lile pale. Germana alifumba macho. Alimwuliza geti ni la rangi gani, mzee akasema kijani. Wakapanda barazani. Mzee akamwonyesha nguzo, akamwambia hapa ndipo atakapokaa kufuma jioni, jua likiwa limepoa. Wakaingia sebuleni. Alikuwa anamtembeza polepole, akimsubiri mlangoni, kama vile anatembea kweli huku anaumwa.

"Jiko liko wapi?" Germana aliuliza.

"Huku mwisho. Lina mlango wake, unatokea uani, upande wa mashariki."

"Upepo wa hapa unatoka huko mashariki, Kongwa kwa Evo, Baba Evo," alisema. "Ukiweka mlango huko, moshi wote unarudi ndani."

Miaka yote ile, nyumba zote zile za Area C, na hakuna aliyewahi kumwambia. Ramani ya Msalato yenyewe ilitandazwa sakafuni miaka na miaka mbele ya mtu aliyejua. Hakuwa anauona mlango. Alikuwa anaona mistari.

"Nitauhamisha," mzee akasema.

"Uhamishe." Akapumzika. Kisha, bila kufumbua macho, akasogeza mguu kidogo chini ya kitambaa. "Hiki kimekatika matamvua upande mmoja. Umeme haukati matamvua."

Mzee alipeleka mkono kifuani. Uzi ulikuwa bado mfukoni mwa shati lile lile.

"Niliona vumbi linaingia," Germana alisema. "Nikasema litaiharibu nyumba yangu kabla sijaiona."

"Si wewe," mzee alisema. "Ni mimi. Jumatano ilikuwa inazunguka. Ningekuita siku ile ile."

"Uliniambia haina madirisha."

"Haikuwa nayo."

"Mimi ningeiangalia hivyo hivyo," Germana alisema. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililomvunja mzee kabisa. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa ukingo wa kitanda. Germana akautafuta mkono wake, akaupata. "Basi tumekosa wote wawili. Endelea. Tulikuwa jikoni."

Mzee akainua kichwa. Akaendelea. Akamtoa jikoni, akampitisha koridoni, akamwonyesha chumba cha Evodia na wajukuu watakaokuja. Walipofika mlango wa chumba chao Germana alikuwa amelala, na mzee akasimama hapo hapo mlangoni, hakuingia.

Germana alifariki Ijumaa asubuhi, Evodia akimshika kichwa. Wakamzika, watu wakaja wengi. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walisema kitambaa kile cheupe kizikwe naye, mzee akakataa. Hakueleza sababu, nao wakaona ni uchungu.

Kadi ya pili ilifika siku ya kumi na moja baada ya mazishi. Zaidi alikuja nayo ndani ya mfuko wa kaki, akakaa, akatoa pole tena, akanywa chai yote bila kuitaja kadi. Mwisho akasema anaweza kuirudisha Dar, wenyewe ni watu wake, hawatakataa.

"Iweke," mzee alisema.

Zaidi akaiweka. Hii nayo ilikuwa ndefu, ubavu ukabaki wazi. Evodia alivuta kiti akakaa kando ya baba yake. Mzee akabonyeza, na nyumba ya Msalato ikazunguka, ikiwa na madirisha yake yote kumi na moja, paa jekundu na geti la kijani. Evodia akaziba mdomo kwa kanga. Zaidi alitoka nje akasimama uani, akajifanya anatafuta mtandao wa simu.

Mzee hakuizungusha sana. Aliingia moja kwa moja mpaka jikoni. Mkono wake wa kulia ulikwenda mezani kutafuta wembe wa kukwangulia, kwa mazoea, kisha ukakumbuka. Akaufuta mlango wa mashariki, akaziba ukuta. Akafungua mwingine magharibi, akapima, akaurekebisha. Aliporidhika alishuka kwenye kona ya kulia, kwenye kile kisanduku, pale pa mwenye nyumba. Hapo hakuwahi kuandika chochote kwenye ramani ya Msalato. Kila mara alikuwa anasubiri ikamilike. Akaandika Germana Ndahani, kidole kimoja kimoja, kwa herufi kubwa kuliko za mchoraji.

Kisha akaizima. Nje upepo ulikuwa unakokota mifuko ya plastiki. Evodia alinyanyuka, akaleta kitambaa kutoka sandukuni, akakikunjua juu ya kasha.

"Subiri," baba yake alisema. "Bado ina moto."

Wakakaa. Mzee alikuwa ameweka kiganja ubavuni pa kompyuta, pale palipo wazi, kama unavyompima mtoto homa. Evodia alikuwa amesimama na kitambaa mikononi. Ilichukua muda. Ilipopoa kabisa mzee alikipokea, akakivisha mwenyewe, akakinyoosha pembe kwa pembe, na ule upande uliokatika matamvua akaugeuza ukae mbele.